Pesa Iliyonuka Yai

Sehemu ya Tisa

Kwa wale waliofungia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa gazeti la Jumamosi iliyopita kabla ya kulisoma (mama yangu mzazi ni mmoja wao, na ndiye msomaji wangu mwaminifu kuliko wote), tulimwacha Hilaire Sibomana nyuma ya meza yake ya kuuzia sarafu za zamani, juu ya lava iliyopoa, katikati ya Goma, mwaka ule wa 2002. Mbele yake alikuwa Muzee Mulumeoderhwa, mwenye farmasi kutoka Bukavu, aliyevuka ziwa kwa boti kwa ajili ya sarafu moja tu. Muzee aliishika. Akaigeuza. Akaipeleka puani.

"Papa Hilaire," akasema, "mbona hii pesa inanuka yai?"

Hilaire akapanga upya sarafu ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Ilinuka yai kwa sababu ilipikwa na mayai. Ilikuwa franga hamsini ya 1944, ya fedha, yenye tembo. Hilaire aliinunua ikiwa nyeupe. Akaitundika kwa uzi ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, juu ya viini vya mayai vilivyochemshwa, vikiwa bado moto, akafunika. Mvuke ukaigeuza rangi ya dhahabu, kisha zambarau, kisha bluu ile ya shingo ya njiwa. Tangu hapo akawa anamwambia kila mnunuzi kwamba rangi hiyo ilitiwa na volkano ya Nyiragongo, siku lava ilipoingia mjini.

Duka lake la kweli lilikuwa chini ya lava hiyohiyo aliyoketi juu yake. Mji ulikuwa wa waasi, na waasi walitoza kodi ya kila kitu isipokuwa lava. Mtu angefanya nini?

"Muzee," akasema Hilaire, akijikaza, "na mulima unanuka nini?"

Muzee akainua uso kuelekea kaskazini, kwenye moshi. Akanusa. Goma nzima ilikuwa ikinuka kiberiti tangu Januari. Hata mikate ilinuka.

"Yai," akakubali.

"Njo vile! Ingenuka marashi, miye mwenyewe ningekwambia usinunue."

Muzee akacheka hadi miwani ikateremka puani. Hilaire naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko kiasi. Moyoni akajiambia: Hilaire, wewe ni mwanaume wa hatari. Nami mwandishi wake nilijipongeza vilevile, kwani nilikaa wiki nzima bila kujua nitamtoa vipi pale.

Hatukupongezana kwa muda mrefu.

"Nitainunua," akasema Muzee. "Lakini mbele ya yote, nipeleke kwa ule mujane."

"Mujane gani?"

"Ule uliniambia! Bwana yake alirudi ndani ya nyumba kuchukua pesa hii, lava ikikuja, asitoke tena. Pesa ikaokotwa kwa majivu. Siwezi kununua kitu kama hicho bila kusalimia mwenyewe. Na nusu ya bei nitamuwekea mukononi."

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka Hilaire.

Mjane alikuwapo. Hadithi nayo ilikuwa ya kweli, ila haikuhusiana hata kidogo na sarafu. Ilikuwa ya Mukagasana, jirani yake kule Keshero, ambako waliounguliwa nyumba walipanga vyumba vya mbao baada ya volkano. Mukagasana aliisimulia siku moja kwenye foleni ya maji. Hilaire aliisikia, akaichukua kama mtu anayeokota kofia njiani, bila kumuuliza yeyote kama ina mwenyewe. Akaongeza pesa mahali palipokuwa na kitu kingine, akaanza kuiuza pamoja na tembo.

Kumpeleka Muzee kwa Mukagasana kulikuwa sawa na mwizi kujipeleka kwa mwenye mbuzi, mbuzi akiwa begani.

Ilibidi apatikane mjane mwingine, haraka.

"Muzee, uko na njaa," akasema Hilaire. "Kula kwanza pale malewa, fufu yao ni nzuri. Ule mama ana haya sana, niende nimutayarishe. Nyuma ya kula, uje Keshero, uulize kwa Papa Hilaire. Kila mutu ananijua."

Hilo la mwisho, walau, lilikuwa kweli.

Akazoa sarafu zake kwenye mfuko wa koti, akarukia nyuma ya chukudu iliyobeba viazi, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali. Mwenye chukudu akamwambia hapa hakuna abiria, kuna wasukumaji. Basi Hilaire aliusukuma mzigo wa viazi vya watu hadi Keshero, akiwa amevaa koti lake la kuuzia.

Charline, mke wake, alikuwa jikoni akikaanga omeleti ya ute uliobaki. Nyumba ile ilikuwa imekula omeleti asubuhi, mchana na jioni tangu Hilaire agundue ufundi wa mayai. Watoto walikuwa wameanza kuuliza kama nyama imekwisha duniani.

"Charline," akasema akihema, "nataka uwe mujane."

Charline hakugeuka. "Lini?"

"Leo. Sasa hivi."

"Na habari nzuri kama hii umekaa nayo tangu asubuhi?"

"Wa kuigiza, Charline! Kuna muzee anakuja, anataka kuona mujane wa pesa ya tembo. Bwana yako alirudi ndani ya nyumba, lava ikamukuta."

"Alirudi kuchukua nini?"

"Hiyo pesa."

"Mupumbavu."

"Si miye! Ni ule wa hadithi."

"Njo ule ninasema." Akaigeuza omeleti. "Hiyo hadithi nimeisikia fasi moja."

"Batu wengi walikufa, Charline. Hadithi zinafanana."

Charline akamtazama kwa muda, kwa jicho ambalo mwanaume aliyeoa analijua. Angekataa. Alikuwa amefungua kinywa kukataa. Lakini Hilaire akatamka neno lililobaki: kwamba nusu ya bei ingewekwa mkononi mwa mjane.

"Mukononi mwa mujane," akarudia Charline. "Si mukononi mwako?"

"Mwa mujane."

"Niletee kile kitenge cheusi."

Muzee Mulumeoderhwa alifika akiwa ameshiba na mwenye huzuni. Alimkuta Charline ameketi kwenye mkeka, kitenge kichwani, macho chini. Hilaire, aliyemwambia kwamba hapa ni kwa mjane na kwake ni nyumba ya pili, alisimama mlangoni na kujifanya jirani. Hakuwa amewahi kuona kazi ngumu kama ile ya kusimama mlangoni kwake bila kujua mahali pa kuweka mikono.

"Pole sana, mama," akasema Muzee.

"Aksanti, papa."

"Bwana yako alikuwa mutu wa namna gani?"

Charline akainua macho, akayatuliza kwa Hilaire.

"Wa maneno mengi," akasema.

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anaongea, papa. Kazi nilikuwa nafanya miye."

Hilaire akakohoa.

"Huyu jirani anakohoa kwa huzuni," akaeleza Charline. "Walipendanaka sana na bwana yangu. Haungeona mumoja bila mwingine."

"Mungu amutie nguvu," akasema Muzee, akimtazama Hilaire kwa huruma.

"Alikoromaka mupaka kuku wa jirani wakahama. Na kila siku alikuwa na mupango wa kututajirisha. Mara sungura. Mara sabuni. Sabuni yake ilikuwa inachafua nguo, papa. Siongopi."

"Lakini alikuwa na sura nzuri?"

"Kwa mbali, ndiyo."

Jasho lilikuwa linamtiririka Hilaire shingoni. Wangapi kati yetu tumesimama hai na kusikiliza yatakayosemwa matangani kwetu? Siwashauri. Nilimuuliza mke wangu swali hilo nilipokuwa naandika sehemu hii, na nimelala na njaa.

Kisha Charline akashika upindo wa kitenge.

"Siku ile ya volkano," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mama yangu hakuweza kutembea. Bwana yangu akamubeba mugongoni, toka mujini mupaka Gisenyi, kule Rwanda. Moto nyuma yetu, batu wanasukumana, na yeye anamuchekesha mama njia yote. Mama alikuwa anacheka, papa, siku ile, watu wote wakilia. Sikumwambia aksanti. Nyuma ya siku zile tukarudi, tukakuta duka imeungua. Akaanza kusema uongo. Kila siku uongo mudogo. Najua juu ya nini. Aliona haya kuniambia kama hana kitu tena."

Machozi yakamshuka, na hayakuwa ya kuigiza. Hilaire aliyatazama kutoka mlangoni. Alitaka kusema kitu, lakini jirani angesema nini?

Muzee, ambaye kwa machozi hakugundua kwamba marehemu amerudi hai kutoka Gisenyi, akatoa leso, akajifuta yeye mwenyewe. "Aliitwa nani, mama, nimuombee?"

Jina hawakuwa wamelipanga.

"Hilaire," akasema Charline.

"Harelimana," akasema Hilaire, wakati uleule.

Wote watatu wakatazamana.

"Nani anamuita bwana yangu?"

Sauti ilitoka nje, nyuma ya Hilaire. Mukagasana alikuwa amesimama pale na sufuria aliyoazima kwa Charline, amekuja kuirudisha.

Kama kungekuwa na shimo la lava lililo wazi bado Keshero siku ile, Hilaire angeingia kwa hiari yake.

Muzee akasimama polepole. "Mama, wewe ni nani?"

"Mukagasana. Harelimana alikuwa bwana yangu, fundi cherehani wa mutaa wa Mapendo." Aliwatazama mmoja mmoja, akakitazama kitenge cheusi kichwani mwa Charline, mwanamke aliyemjua kuwa na mume, na mume mwenyewe yuko hapa. "Munafanya nini?"

"Niliambiwa bwana yako alirudi kwa moto kuchukua pesa ya tembo," akasema Muzee.

"Pesa?" Mukagasana akaweka sufuria chini. "Alirudi kuchukua cherehani. Nani alisema pesa?"

Charline akakivua kitenge kichwani. Sasa alijua hadithi ile aliisikia wapi. Alikikunja mara nne, akikazia kila mkunjo.

Hilaire akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya kitanda, akavuta mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa uvunguni. Akaufungua mbele yao wote. Harufu ikajaza chumba.

"Ni miye," akasema. "Rangi ni ya mayai. Mujane ni bibi yangu. Hadithi ni ya mama huyu. Mwenye kufa niko hapa."

Muzee alichungulia mkebe, akaona uzi, akaona viini vilivyokauka.

"Lakini pesa ni ya kweli!" Hilaire akaongeza upesi, akiitoa mfukoni na kuiweka mezani, kwa kuwa mfanyabiashara hafi mwili mzima kwa mara moja. "Fedha ni ya kweli, tembo ni ule ule, mwaka ni ule ule. Rangi tu njo nilisaidia. Bibi arusi akijipaka poda, ni uongo?"

"Bibi arusi anajipaka na kila mutu anajua kama ni poda," akajibu Muzee. "Wewe ulipaka, ukasema ni Mungu alipaka. Ungeniambia, 'Muzee, hii nimepika na mayai, angalia inavyong'aa,' labda ningenunua na kucheka. Ningeiweka na zingine na kuandika: ya mayai."

"Kwa bei ya mayai."

"Kwa bei ya mayai, ndiyo. Njo ile uliogopa."

Kisha Muzee akajikalia kwenye kiti kama mtu aliyechoka ghafla. "Na miye? Miye mutu wa dawa, nimekaa na kiberiti kwa chupa maisha yangu yote. Pua iliniambia yai. Nikaiambia pua inyamaze, juu rangi ilikuwa muzuri. Nilitaka kuwa mutu peke yake Bukavu mwenye pesa iliyopakwa na volkano. Nilishafikiri nitaionyesha nani kwanza, na nani ataona wivu. Papa Hilaire, kwa huu mukebe tuko wawili."

Hilaire akaanza kutabasamu. Msamaha ulikuwa karibu kuja, na yeye msamaha aliuona kwa mbali kama mwewe anavyoona kifaranga.

"Rangi ya pesa, mutajuana," akasema Mukagasana. "Paka hata kijani. Lakini bwana yangu si rangi."

Tabasamu likafa.

Hilaire akafunika mkebe, akausukuma nyuma ya mlango. Mara hii sikumtilia neno mdomoni.

"Nimekuibia, mama," akasema.

"Umeniibia. Sasa rudisha. Mwambie papa huyu vile ilikuwa. Vile nilisema kwa maji."

Basi Hilaire akasimulia. Hakuongeza kitu. Alisema kwamba Harelimana alikuwa amewatoa wote hadi barabarani, mkewe na watoto. Alisimama, akasema cherehani ni ya mkopo wa shemeji na bila hiyo watakula nini, akarudi. Mukagasana alimwita. Alimjibu bila kugeuka, "Nakuja, mama, shika watoto." Moshi ukafunga njia. Lava ikapita. Mwili haukuonekana, kwani lava haiachi mwili. Hakukuwa na pesa wala tembo.

Ilikuwa hadithi fupi kuliko aliyokuwa akiiuza. Muzee alikuwa ameshavua kofia.

Charline akachukua ile sarafu kwenye meza kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota mende.

"Hii nitaiosha," akasema. "Siilazi tena kwa nyumba yangu na hii sura."

"Lete," akasema Mukagasana. "Bwana yangu njo alikufa kwa ajili yake, munasema. Acha niioshe miye."

Walitoka nje wote. Mukagasana akachota majivu jikoni, akakamua ndimu, akaanza kusugua. Bluu ikatoka kwanza, ikifuatwa na zambarau. Tembo akarudi kuwa mweupe, mnyama wa kawaida asiye na historia. Hilaire aliona jasho lake la wiki nyingi likichuruzika kwenye mchanga, na ajabu, alihisi mwepesi.

Ghafla kidole gumba cha Mukagasana kikasimama ukingoni mwa sarafu.

Kikarudi nyuma. Kikapita tena palepale.

"Hapa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hapa kuna pengo."

"Iko na pengo, ndiyo," akasema Hilaire. "Niliinunua nayo. Ilinipunguzia bei."

"Nalijua hili pengo." Mukagasana alikuwa ameishika sarafu kwa mikono miwili. "Harelimana alikuwa na pesa kubwa ya babu yake. Alikuwa anaiweka kwa kitambaa, anaizungusha na chaki, achore pembe za mufuko wa shati, zote zifanane. Alichonga pengo kwa tupa, ajue fasi ya kuanzia. Ilikaa kwa mufuko wa koti yake kila siku. Hata asubuhi ile."

Charline akageuka kwa mumewe, macho yanawaka. "Hilaire! Kama hii tena ni hadithi yako..."

"Siyo yangu! Naapa!"

Kila aliyekuwapo alijua kiapo chake kina uzito gani. Muzee Mulumeoderhwa alikuwa tayari anatikisa kichwa, na kwa haki kabisa: kama mtu ameuza volkano iliyopikwa jikoni, atashindwa vipi kuchonga pengo?

"Papa Hilaire," akasema Mukagasana. Hakuwatazama wengine. "Pesa hii iliingia kwa moto na bwana yangu. Wewe uliipata wapi?"

"Soko ya Kiwanja, ule muji wa kaskazini. Mwezi wa pili, nilienda kutafuta viazi."

"Kwa nani?"

Hilaire akafumba macho, akajaribu kitu ambacho hakuwa amekizoea: kukumbuka bila kupamba.

"Mutu mwembamba. Mukono mumoja umefungwa na kitambaa, kama mutu aliungua. Hakutaka kuniangalia kwa macho. Hakupatana bei, alichukua nilichompa akaondoka." Akafumbua macho. "Na shingoni alikuwa na mita ya kupimia nguo, ile ya mafundi cherehani."

"Hilaire, acha!" Charline akalia. "Kwa jina la Mungu, acha, si leo, si kwa mama huyu!"

"Charline, njo vile nilimuona!"

Ilikuwa kweli tupu, ya kwanza aliyoisema bila kusukumwa tangu mlima ulipuke. Mke wake hakuiamini. Muzee hakuiamini, alikuwa ameshavaa kofia. Mtu mmoja tu aliyeiamini alikuwa yule aliyeibiwa, naye alikwisha fika barabarani, sarafu ndani ya ngumi, kitenge kimekazwa kiunoni, akiuliza wapita njia gari la Kiwanja linaondokea wapi.